Karanga ya Hamsini

Kadutu. Mvua imetufungia kwa Cirhuza,
umeme umekatika, kibatari kiko juu ya pipa.
Mfalme wangu amebaki peke yake.
Yeye ana mfalme, ana tembo mweupe,
na farasi alipotea tangu Pasaka:
kizibo cha soda kinashika zamu yake.

Sheria tuliiandika mlangoni kwa mkaa:
hatua hamsini, asiliwe mtu,
asisogee askari hata mmoja,
basi, sare, kila mtu akalale.
Askari wetu wameisha zamani.
Mtoto Akonkwa ndiye mhesabu:
kila hatua, karanga moja kikombeni.

Nakimbilia pembe nyeusi,
tembo wake hakanyagi huko.
Kizibo kinanizunguka, kinanirudisha ukutani.
Sishindi. Sitafuti kushinda.
Nashikilia tu,
kama nyumba zetu kwenye huu mteremko.

"Hamsini!" nasema.
Cirhuza anamwaga kikombe.
Arobaini na tisa.

Anakiinua kizibo polepole, vidole viwili,
na mimi nishaona kitakapotua.

"Akonkwa, fungua kinywa."

Anatikisa kichwa.
Anameza.