Tumpe Nini

Barua ya shule imekaa siku tatu
chini ya kopo la sukari.
Imepata duara la chai, imepata chungu wawili wafu.
Inataka jina la mzazi na sahihi,
inataka tuseme ndiyo au hapana
juu ya mkono wa binti yetu, wa kushoto,
sindano, Alhamisi, zahanati ya Isongole.
Ugonjwa wenyewe wameuandika bila kuufunika:
saratani ya mlango wa kizazi.
Maneno matano. Mume wangu aliyasoma matatu
akageuza karatasi
kama mtu aliyefungua bafu akakuta mtu.

Darasani wanamtania tangu la kwanza.
Mwalimu akiita, "Tumpe!"
huko nyuma wanaitikia, "Tumpe niniii?"
Kinyakyusa kina maana yake, watoto wana yao.
Sasa utani wao umehamia mezani kwangu,
umevuta kigoda, umekaa.

Anyosisye anasema: miaka kumi na minne,
juzi tu nimemkuta anaruka kamba na wadogo zake,
anakingwa na nini, na nani?
Anasema kwenye kwaya wanasema inafunga uzazi.
Mama Gwamaka kasikia kwa shemeji yake,
shemeji kasikia Mbalizi,
na habari ikipanda mlima kutoka Mbalizi
hufika huku imeshavaa koti.

Nikamuuliza: viazi unavipigia dawa lini?
Kabla ya ukungu, akasema.
Jani likiwa bado kijani?
Likiwa kijani. Likishapata doa unapigia nini?
Hapo akaona ninakoelekea, akaweka kikombe chini.
"Mwanangu si tuta la viazi."
Nikanyamaza. Kweli, si tuta.
Tuta likioza tunafukua, tunasubiri msimu.

Usiku wa tatu mvua ilipiga bati
mpaka tukawa tunapaza sauti kitandani,
na labda ndiyo maana niliweza.
Nilimwambia mama yangu hakufa kwa tumbo.
Miaka kumi na sita ya ndoa nimesema tumbo.
Msibani tulisema tumbo, mchungaji akasoma tumbo,
shangazi zangu mpaka leo wakishikwa na kiungulia
wanalitaja tumbo la dada yao.
Nilimwambia nilikuwa nafua kanga zake usiku,
mtoni Kiwira, bila taa,
maji yakinikata vidole,
ili kukicha kamba ya nguo isiseme kitu.
Nilimwambia tulichoma majani ya mkaratusi chumbani
tukawaambia wageni tunafukuza mbu.
Na baridi ile. Mbu gani?
Walikaa, wakakohoa, wakasema pole,
wakaacha ndizi mlangoni, wakaondoka.
Nilimwambia kwamba hakuna aliyemuuliza mama, hata mimi,
panauma wapi.

Hakusema kitu.
Alivaa koti juu ya shuka, akachukua tochi,
akaenda kumtazama ng'ombe
ambaye hakuwa anaumwa.

Asubuhi barua ilikuwa juu ya kopo.
A. MWASOMOLA, herufi kubwa,
kwa kalamu ile nene ya kuandikia magunia,
kama vile binti naye angepakiwa lori la Uyole
akachanganyika na mzigo wa wengine.
Wino ulipenya karatasi, ukashika meza.
Jina lake liko pale hadi sasa.
Nimepewa sabuni, nimepewa mchanga, sijalisugua.

Alhamisi alirudi mchana,
pamba chini ya mkono wa sweta.
Eti muuguzi naye alikuwa na lake:
"Tumpe? Haya, tumempa. Mwingine!"
Alicheka akisimulia, akateka maji kwa mkono wa kulia,
akakataa nisimsaidie.

Kisha akakaa karibu yangu jikoni, akachukua kisu.
Nyumba yetu ni ya mbao,
na ile mvua, nadhani, ilikatika
mapema kuliko tulivyojua.
"Mama," akasema, bila kuniangalia,
"kanga za bibi zilikuwa rangi gani?"

Nilimenya kiazi kizima
kabla ya kumjibu.