Elfu Kumi kwa Chinguile

Chinguile ananipangia kaunta kama meza ya harusi:
rangi za nta, rangi za maji, kalamu za wino,
shanga ndani ya kopo la siagi,
gundi, mikasi, karatasi za kumetameta.
Mimi nina elfu kumi iliyokunjwa mara nne,
malipo ya pili ya korosho,
mabaki ya mabaki.

"Chukua hizi za maji, Mama Mfaume.
Ndizo wanazopenda watoto wa Mtwara mjini."

Rangi ya maji inataka maji, Chinguile,
na wajua ndoo inavyopanda hadi huku Newala:
kwa kichwa, kwa baiskeli, au kwa bei.
Achovye brashi, asuuze, achovye tena,
mama mwaga hii chafu, mama lete safi.
Nguo nitazifulia picha?

Anafungua kalamu ya wino, anainusa kwanza yeye.
Harufu ya thina inajaa duka.
"Haziui," anasema.
Sikusema zinaua.
Nimesema Somoe ana miaka miwili na nusu,
na kila anachookota husalimiana nacho kwa ulimi.
Pilipili keshaijua. Sabuni keshaijua.
Kiatu cha babu yake, cha kushoto, keshakijua.

Shanga nazisukuma pembeni kwa kidole kimoja.
Mwaka juzi Mfaume alipanda moja puani
akakaa kimya siku nzima, akingoja iote.
Bodaboda, ukungu, saa saba za usiku,
daktari na kikoleo chake.
Ninayo mpaka leo, nyekundu,
ndani ya bahasha ya bili.

Mkasi naujaribu kwenye risiti ya mwezi uliopita.
Wenye ncha kali unakata vizuri mno.
Wenye pua ya duara unatafuna karatasi kama mbuzi.
Nachukua mbuzi.

Gundi ipo nyumbani:
unga wa muhogo, kikombe cha maji, moto wa kubembeleza,
koroga mpaka mwiko ugome.
Ikishika, ni gundi.
Ikilambwa, ni uji.

Basi nipe hizi za nta, zile nene,
zisizovunjika zikikanyagwa.
Na lile boksi tupu la sabuni, unalitupa?
Usilitupe.

Nyumbani niliwakalisha mkekani, nikawaonyesha vidole vyangu.
Ganda bichi la korosho, nikasema, lina umbo la sikio,
lazuri, najua, linaita,
lakini ndani yake mna mafuta yanayobabua.
Tazameni hapa. Na hapa.
Msilibandike, msilichonge, msiliguse.
Wakaitikia wote wawili.
Kuhusu mabibo sikusema neno.

Natoka jikoni jioni:
rangi kumi na mbili zimelala kwenye mstari, hazijaguswa,
Somoe amejifunika boksi, anakohoa kama gari,
na Mfaume amepiga magoti juu ya foronya yangu nyeupe,
ile niliyotarizi mwenyewe kabla hajazaliwa,
bibo mkononi, limekamuliwa hadi kokwa,
anachora kwa maji yake, polepole, ulimi nje.

Foronya imelowa tu.
Hakuna kitu pale, nasema. Unachora nini?

Hanitazami.
"Wewe. Uko kwenye mzani, unapima magunia.
Subiri, mama. Hujafika bado."

Kila mwanamke wa huku analijua doa la bibo:
leo halionekani,
kesho linakuja kahawia, na halirudi lilikotoka.
Ndoo ilikuwa na maji. Niliitazama.
Ningeichovya foronya dakika ileile,
ningeifikicha, pengine ningeiokoa.

Nikaianika kwenye kamba vilevile, bila kuifua,
upande wenye mimi ukitazama nyumba.
Usiku niliamka mara mbili kwa ajili ya Somoe,
na mara ya tatu
bila kuitwa na mtu, nikatoka na tochi.