Mlango Uliovimba

Umeme umekatika tangu saa nne.
Nageuza kioo cha hadubini kielekee dirisha,
naomba mwanga kwa jua la Bukavu, nalo leo ni bahili,
limejifunika ukungu wa ziwa mpaka kidevuni.
Hata hivyo nawaona:
viduara vya zambarau,
kimoja kimeshika kiuno cha mwenzake,
mkufu usio na shingo.

Wazuri. Nasema kweli, ingawa nawachukia.
Hawana miguu, hawana mkia, hawaendi popote
ila wapelekwe na mate, na kikohozi,
na kikombe kimoja kinywewacho na watoto watano
juu kule Kadutu, nyumba zinakopandiana mabega.
Ukiwalisha damu ya kondoo kwenye kisahani,
asubuhi utakuta kila kundi limejifyekea ua wake,
wekundu wote umerambwa.
Wana ndugu mpole agandishaye maziwa,
tukanywa mtindi, tukajipangusa midomo.
Huyu si yule.

"Koo tu," nilimwambia Cibalonza,
aliyekuja na beseni la sambaza kichwani
na Nabintu, miaka saba, amening'inia kwenye kikwembe chake.
"Tangawizi. Asali. Asukutue maji ya chumvi."
Maabara haikuwa na visahani mwezi ule,
nami nilikuwa na njaa, na foleni hadi barabarani.
Siku ya tatu koo likanyamaza.
Nilisahau kwamba kunyamaza si kuondoka.

Wiki ya tatu goti la kushoto likavimba,
likaliachia la kulia, kisha kifundo cha mguu,
maumivu yakihama kama mpangaji asiyelipa.
Jirani akasema amerogwa. Mwingine: anarefuka tu.
Kumbe askari wa damu walikuwa wamekariri sura ya mgeni,
na mgeni alipokwisha kufa wakaendelea kumsaka,
wakaukuta moyo, una shavu linalofanana na lake.
Hawakuuliza jina.

Mdharau mwiba, tulifundishwa, mguu huota tende.
Mwiba wa kooni huota wapi, hatukufundishwa.

"Mlango wa moyo ndiyo nini?" Cibalonza aliniuliza,
nimeketi kwake, mvua inachapa mabati.
Nikautazama mlango wa nyumba yake,
mbao zimenyonya maji, zimevimba, haufungi,
kila kilichotoka kinarudi ndani na upepo.
Nikasema: kama huo.
Akacheka, kidogo.
"Huo fundi Zihindula huuranda kila Aprili."

Sikuwa na jibu la randa.

Kila baada ya siku ishirini na moja
Nabintu anashuka ngazi za udongo, anapumzika mara nne,
anageuza nyonga. Penisilini nyeupe, nzito,
inaingia polepole kama uji kwenye bomba.
Halii. Anahesabu: hii ya kumi na tisa.
"Zimebaki ngapi?"
Mpaka utakapokuwa mkubwa.
"Mkubwa kama wewe, au mkubwa kama bibi?"

Leo, kabla hajavaa kiatu, wingu limepasuka.
Nimemwita kwenye hadubini.
Ameangalia muda mrefu, pumzi yake ikitia ukungu kwenye lenzi.
"Ni shanga," amesema. "Nani alizitunga?"
Kisha, bila kunisubiri:
"Kikombe changu nimekifunga uzi mwekundu.
Mdogo wangu akikigusa, nampiga."