Saba ya Mjomba Shaame

Kasha la mjomba Shaame tulilifungua siku ya arubaini,
ghorofa ya tatu, majumba ya Mjerumani, Wete.
Shati tano. Miwani isiyo kioo.
Risiti za karafuu za miaka isiyokumbukwa hata na waliozitia sahihi.
Na chini kabisa, imefungwa kwa kanga ya marehemu mkewe,
santuri.

Bi Asya akasema, "Taarabu hiyo. Mpelekeeni Khatibu."
Haikuwa taarabu.

Jaladani konokono mkubwa kuliko mlima
ametambaa juu ya uwanja mweupe niliodhani ni theluji,
baadaye nikajua ni chumvi.
Wanaume wanne wenye ndevu za walimu wa chuo,
na mwanamke kashika zumari kama mtu aliyeliiba.
Caracol de Sal. La Paz.
Nilidhani La Paz ndiye mwimbaji.

Mjomba alisomea Kyuba, uganga wa mifugo,
akarudi na cheti, na kikohozi, na ukimya.

Khatibu Faki, fundi redio wa Limbani,
anayejua kila santuri iliyokwaruzwa kisiwani,
akaigeuza, akainusa, akasema,
"Hii hata kwao hawakuisikia."
Lakini mashine alinitengenezea:
mkanda ulikuwa umeoza, akakata mpira wa ndani wa baiskeli;
sindano akaichokoa kwenye kopo la maziwa ya unga,
kati ya skrubu na nyuzi za udi.

Kwanza mchakacho, mafuta yanapoanza kuishika sambusa.
Kisha kinanda kikaingia kwa mlango usio wake,
ngoma zikakataa kukaa,
gitaa likamjibu mtu ambaye hajauliza.
Nikasema: hawa wamelewa.
Nikahesabu kwa vidole, tulivyofundishwa kuhesabu mizani,
nane, kituo, nane,
nikapata saba.
Nikarudia. Saba.
Tatu, mbili, mbili.

Mkono ukanigandia mezani.

Maana tatu-mbili-mbili hiyo naijua.
Mjomba aliigonga kwenye sinia,
kwenye mbavu za ng'ombe mgonjwa,
kwenye goti langu tukingoja meli Mkoani.
Aliigonga hata kwenye maulidi ya homu:
safu nzima inainama, yeye keshainuka,
mpaka wakamwomba, kwa adabu, akagawe kahawa.
Tukasema kapooza upande. Tukasema mambo ya Kyuba.
Bi Asya alimwandikishia kombe;
akanywa, akashukuru, akaendelea kugonga.

Ndani ya jalada, karatasi ya daftari,
mwandiko ule ule wa vyeti vya ng'ombe:
*mar* — bahari.
*nos lo quitaron* — walitunyang'anya.
Na chini yake:
Nchi yao haina pwani. Ramiro hulia wimbo ukifika kati.
Nimemwambia kwetu bahari huingia hata chumbani.
Hakuamini.

Upande mzima ni wimbo mmoja, dakika kumi na tisa.
Ukifika kati, mwanamke yule anatua zumari,
anaita *mar, mar*,
kama anayeita kuku waliokwisha chinjwa.
Nami nimezaliwa nimeshachoshwa na bahari:
inakula kuta, inakula pasi,
inakula bawaba za dirisha hili hili.
Sijapata kuiita kwa jina.

Umeme ukakatika, mara ya pili siku ile.
Sahani ikazunguka kwa uvivu, sauti ikashuka,
ikawa nzito, ikawa ya kiume, ikawa ya ng'ombe,
ikanyamaza.

Gizani, jikoni, Bi Asya,
aliyelalamika tangu mwanzo, "kelele gani hizo za masufuria,"
anatwanga thomu.
Tatu. Mbili. Mbili.
Akakosea, akacheka peke yake,
akaanza upya.

Sikumwambia.