Mtaro Unanijua

Siku ya tatu tangu mvua iache
ukutani mwa ua wetu ulibaki mstari
wa kahawia, ulionyooka kuliko kitambaa chochote nilichowahi kukata.
Sentimita themanini na moja toka sakafuni.
Nilipima kwa futikamba yangu. Kupima ndiyo kazi yangu.

Mwenye nyumba akaja na ndoo ya chokaa.
Sikudhani wa chumba cha nne akasimama mbele ya ule mstari,
mtoto mgongoni, mikono kiunoni:
"Paka kote, baba. Hapa paache.
Hapa maji yametia sahihi."

Tukaingia mtaroni, wapangaji sita, majembe mawili,
na chepe moja la kuazima kwa Mwinshehe,
aliyekuja nalo mwenyewe kwa kuwa hamwamini mtu.
Tuliwalaumu wa juu, kama ilivyo ada:
Sinza wanatupa, Tandale tunapokea,
taka hazilipi nauli.

Kisha jembe likanasa.
Mwinshehe akavuta, akavuta tena,
kikatoka kitu kama utumbo machinjioni,
kirefu, cheusi, kinanuka.
Akakisuuza dimbwini. Rangi zikaanza kurudi.

Zambarau yenye maua ya dhahabu:
kicheni pati ya Havijawa, magauni kumi na nane.
Bluu ya sare za shule, mapindo ya Januari.
Bitana nyekundu. Ile nilikosea,
nikakata upya, wala sikumwambia mteja.

Vyote vyangu. Miaka saba ya vipande
nilivyofagia usiku chini ya cherehani,
nikavishindilia kirobani,
nikavisukuma mtaroni mvua ikianza,
maana maji hayaulizi na giza halitoi ushahidi.

Hakuna aliyesema neno.
Hapo ndipo palipouma.
Havijawa aliitazama zambarau yake,
akanitazama mimi,
akashika jembe.

Husemwa mficha uchi hazai.
Mimi nilificha, nikazaa mafuriko.

Nilifua vile vipande maji manne.
Kamba za ua zikajaa, mpita njia akauliza kuna sherehe gani.
Anyelwisye, anayeuza maharage gengeni,
akaleta kapu pana la ukindu lililotoboka kitako:
"Fundi, hebu nijazie hili kama godoro.
Kule kwetu Tukuyu bibi alikuwa anafunika chungu kikiwa bado kinatokota,
moto anampa mwingine."

Nikashona. Mto wa chini, mto wa juu,
ndani zambarau, bluu, na ile bitana ya aibu.
Maharage yakachemka kidogo jikoni, yakaingia kapuni,
tukafunika, tukaenda zetu kazini.
Mchana mume wa Sikudhani akatafuna, akasita,
akauliza kama leo tumepika kokoto.

Hatukuwa tumeloweka.
Usiku ule tukaloweka.
Kesho yake alirudia sahani mara mbili na hakuuliza kitu.

Sasa kopo la mkaa lililokuwa likiisha siku moja
linafika kesho jioni, na chai ya keshokutwa.
Nimeshona makapu ishirini na matatu.
Sakafu yangu haina kipande; wakati mwingine naazima kwa mafundi wenzangu,
nao hunishangaa, mtu mzima kuomba takataka.
Jumamosi tunazibua. Si wote wanakuja.
Wa chumba cha pili ana mgongo kila Jumamosi,
Jumapili unapona.

Sisemi tumelitibu anga.
Masika yako njiani, na hakuna kapu la kuyafunika.
Bado nikisikia radi mkono wangu unatafuta kiroba,
mazoea yana tabu,
nami nauketisha kwenye cherehani, nauambia: shona.

Mtoto wa Sikudhani amesimama dede.
Tunampimia pale pale, kwenye mstari.
Utosi wake uko chini ya maji kwa vidole viwili.
"Kua," namwambia, pini mdomoni,
"kua upesi."