Hali ya Ndoa

Kisanduku kimoja tu, kidogo kuliko punje ya mtama:
*Je, leo hii, siku unayotia sahihi, umeolewa?*

Nimekaa na swali hilo maktaba ya chuo, ghorofa ya pili,
tangu saa nane. Nje, mji mzima wa Cedar Rapids unanuka uji,
kama kila siku kiwanda kinapooka shayiri,
na pua yangu inaniambia: Wilondja yuko kazini.

Nimeolewa?
Muulize mama. Atakuonyesha picha:
mimi na kitenge cha tatu, kanisa lililokuwa duka la matairi,
mchungaji Byaombe akilia kuliko ukoo wote.
Muulize mjomba Asukulu kule Baraka. Atakuonyesha paa,
mabati mapya ishirini na manne.
Iulize serikali, itasema bado.
Serikali hatukuialika, wala haikula pilau.

Asubuhi Bi Kadlec wa dawati la misaada
alinigeuzia kioo cha kompyuta polepole,
kama daktari anayekuonyesha mfupa wako.
Ukiwa wa baba, alisema,
tunahesabu mshahara wa baba na mama, vinywa saba mezani,
na ruzuku inatosha ada, vitabu, mpaka nauli ya basi.
Ukiwa wa mume, baba anafutika.
Mnabaki wawili. Tunaangalia mapato ya mwaka juzi.

Mwaka juzi.
Nililirudia neno hilo kama mtu aliyekanyaga msumari gizani
na hajajua bado ni mguu upi.

Mwaka juzi ndio mwaka Wilondja aliokesha.
Zamu ya usiku, kisha nusu zamu ya mchana,
ovataimu ya Jumapili,
nikamkuta mara moja amelala wima mbele ya friji iliyo wazi,
mkono umeshika maziwa.
Kila dola ya ziada ilikuwa ukwato wa mbuzi,
pembe ya ng'ombe, blanketi la shangazi,
ikipita dirisha la kutumia pesa kwenye duka la Msomali
kwenda Baraka kuninunua. Samahani, mama:
kuwashukuru walionilea.

Zimekwisha. Sisi wenyewe hatukuzishika.
Lakini fomu inaziona bado, zimesimama nyuma yetu
kama ng'ombe wasiojua kwamba walishachinjwa,
na inasema: Kumbe mnazo. Jilipieni.

Mahari yangu ndiyo inayonilia ada.

Kuna barua ya rufaa, Bi Kadlec alisema, ukiwa na risiti.
Nikampigia mjomba. Akacheka hadi simu ikakatika,
akapiga tena kumalizia kicheko:
Mtoto, tangu lini mbuzi akaandikiwa risiti?
Kisha kimya. Kisha, kwa sauti ya chini:
Wanataka turudishe?

Hapana, mjomba. Lala chini ya mabati yako.

Kibali tulikiomba jana, na hapa kibali husubiri siku tatu.
Mahakama iko kisiwani, katikati ya mto;
tumeandikishwa Ijumaa, saa nne.
Leo Jumanne. Nikitia sahihi leo, mimi binti.
Nikichelewa hadi Jumamosi, mimi mke, na mdaiwa.
Sheria inaruhusu. Bi Kadlec mwenyewe alinong'ona "leo",
akainama chini ya meza kutafuta kalamu
iliyokuwa sikioni mwake.

Nikabonyeza: Sijaolewa.
Mashine ikauliza: Una uhakika?

Saa tisa na robo Wilondja akaingia na buti zake za kazi,
shayiri kwenye nyusi,
akanikuta nimeukalia mkono wangu wa kushoto, pete na vyote.
Umeandika nini?
Kwamba mimi ni wa baba, hadi Ijumaa.
Akavuta kiti. Akafikiri kwa muda, kwa uso wa mtu anayepiga hesabu.
Basi ninunulie chai, akasema, binti wa watu.
Mimi nilishalipa.