Mita Nane za Mraba

Februari, Tampere. Nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na dirisha la jikoni limeota manyoya ya barafu.
Nimesogeza kochi, nimekunja zulia,
nimepiga magoti na utepe wa buluu wa mafundi rangi
nikichora sakafuni chumba cha meli:
mita nane za mraba, bila dirisha,
bei ya chini kuliko zote kwenye orodha.

Hapa mlango. Hapa choo, upana wa kabati.
Vitanda viwili chini, viwili vimening'inia ukutani
kama rafu za mikate.
Venla, miaka sita, ameshachagua cha juu.
Oiva, mitatu, anataka kujua
bahari inaingilia wapi.

"Haiingii," namwambia.
"Sasa tutaionaje?"
Naandika: kuulizia bei ya dirisha.

Daftari limefurika.
Nepi saba kwa siku, mara siku nne za Baltiki, jumlisha za dharura.
Dawa ya kichefuchefu, ile ya ladha ya matunda.
Mtoto wa nepi haruhusiwi bwawani, wameandika kwa wino mzito,
kwa hiyo Oiva ana hadi Juni kupatana na choo.
Chakula cha jioni ni zamu mbili: saa kumi na moja na nusu,
au saa mbili, saa ambayo wanangu hugeuka mbwa mwitu.
Milango ya vyumba ni sentimita hamsini na tano.
Nimepima kigari cha Lempi. Hamsini na saba.
Na Lempi mwenyewe, miezi tisa, jino moja,
kwenye bei amehesabiwa abiria kamili,
jina la ukoo na yote.

Miaka mitatu tunaipanga safari hii.
Wa kwanza, Jouni alisema paa linavuja.
Wa pili, gari. Na kweli lilikuwa bovu,
ila si bovu kiasi hicho.
Mwaka jana akasema mimba na mawimbi havipatani,
nikamwamini, maana nilikuwa natapika hata nchi kavu.

Usiku huu amerudi kutoka kiwandani, ananuka karatasi mbichi,
amevua viatu, amesimama nje ya utepe
kama mgeni anayengoja kuitikiwa hodi.
Nikampa fomu. Jaza wewe, mimi vidole vina gundi.
Uzito wa kila mtoto, kwa ajili ya maboya ya kuvaa:
Venla kilo ishirini na moja. Oiva kumi na tano.
Lempi nane na robo.
Halafu safu ya mwisho, wasiojua kuogelea.
Akaandika Oiva. Akaandika Lempi.
Kalamu ikasita.
Akaandika Jouni.

Nchi hii ina maziwa kama chekeche lilivyo na matundu.
Hapa mtoto huelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu.
Na mume wangu, kila kiangazi, miaka kumi na mmoja,
ametoka sauna mwekundu kama sisi sote,
akaketi kwenye gati, miguu majini hadi ugokoni,
akisema lazima mtu aangalie taulo.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.
Yeye muda wote huo amevua soksi tu.

Sikucheka. Nusura.
"Nani mwingine anajua?"
"Taulo," akasema.

Nikalivuta daftari, chini ya nepi, juu ya kigari,
nikaandika: Ijumaa jioni, bwawa la manispaa,
darasa la wanaoanza, nafasi mbili.
Oiva. Jouni.
Akasoma kichwa chini, kutoka upande wake,
akanirekebishia saa.

Kisha akaingia kwa kupitia mlango, hakuruka utepe,
akajilaza kwenye kitanda cha chini kushoto.
Ni kifupi. Miguu ikavuka ukuta,
ikatokeza upande wa pili, penye sakafu tupu.

"Baba," Venla akaita kutoka juu ya kochi,
"miguu yako iko baharini."

Hakuirudisha.